Ukuta wa Kusini

Jumapili, 2 Machi 2025

Kaunta buku jipya. La kwanza nililinunua Januari ili niandike historia ya majengo ya hapa Ikuti, na ukurasa wa mwanzo nikaandika kwa herufi kubwa: BANDA LA KUPIMIA MAJANI YA CHAI. Nikasema mengine nitaandika nikimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilipomaliza, banda lilikuwa limeshabomolewa, mbao zimegawanywa, na mahali pake panakaangwa chipsi. Mwanafunzi wa darasa la sita akiniletea kazi ya namna hiyo nampa sifuri.

Imebaki nyumba ya Baba mkwe. Ndiyo pekee kijijini iliyojengwa kwa mianzi na udongo, bado ina michoro ya vidole ukutani, na bado inakaa mtu. Jana ukoo ulikaa kikao juu yake. Shemeji yangu Amoni, mkandarasi wa Mbeya mwenye mwili wa kujaza mlango, anataka kuibomoa amjengee baba yake nyumba ya tofali. Baba mkwe hataki. Wamevutana mpaka chai ikapoa, mwishowe wakakubaliana hivi: nyumba ikisimama masika yote, inabaki. Ikianguka, hata ukuta mmoja, Amoni anaanza kazi Juni. Kikao cha kuamua ni tarehe 31 Mei.

Mume wangu Lutengano alinisimulia usiku. Mimi sikuwepo kikaoni, na siwezi kuwepo. Kwa atakayesoma daftari hili naye si wa huku: mkamwana wa Kinyakyusa hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hazungumzi naye, hampi chakula kwa mkono wake. Siku hizi wengi wameacha. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, anaimba sauti ya nne, lakini hili hajaliacha. Tumeishi hatua arobaini kutoka mlango hadi mlango kwa miaka ishirini na sita, nami namfahamu zaidi kwa viatu vyake. Akitaka kutoka anakohoa, mimi napotelea migombani. Kwa unene huu, kupotea kwenyewe ni kazi.

Jumatano, 5 Machi

Nimezunguka nyumba wakati Baba mkwe yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Ukuta wa kusini, unaopigwa na mvua inayotoka Ziwa Nyasa, umemenyeka. Udongo unatoka ukiugusa. Masika bado hayajachanganya.

Nimepata wazo. Simwambii mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi imekwisha! Nimemleta fundi Isakwisa kutoka Ibighi na mifuko ya saruji, siku tatu, ukuta mzima wa kusini umepigwa lipu. Umenyooka, unang'aa kama ofisi ya kata. Nilisimama uani mwenyewe kusimamia, maana fundi ukimpa kisogo anaongeza mchanga.

Baba mkwe amekohoa sana siku zote tatu. Kila akikohoa nilijiondoa kwa heshima, nikakaa migombani dakika kumi, kumi na tano, nikarudi. Hakutoka. Akakohoa tena, nikaondoka tena. Nimemwambia wifi yangu Felista ampelekee maji ya tangawizi na asali.

"Ameyakataa," Felista aliporudi akasema. "Ameuliza kama huko nje umekufa au umekuwa kiziwi."

Uzee. Namwonea huruma.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimeanza kuandika historia ya nyumba kutoka kinywani mwa Baba mkwe mwenyewe. Yeye anakaa ndani karibu na ukuta wa mashariki, mimi nje chini ya bati nikiwa nimempa mgongo, na Felista mlangoni, katikati. Nauliza kwa Felista, Felista anamuuliza, anamjibu Felista, Felista ananiambia mimi niliyekwisha sikia. Hata radio ya kijiji ina kasi kuliko sisi.

"Felista, mwambie huyo aliye nje kwamba mianzi ilikatwa Isongole, mwezi ukiwa umefifia."

"Wifi, anasema mianzi ilikatwa Isongole."

"Mwezi ukiwa umefifia!" mzee akafoka. "Usimpunguzie!"

Nimeandika kurasa nne. Nimefurahi kama mtoto.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Nimepita kusini kuutazama ukuta wangu. Katikati, usawa wa kiuno, umevimba kidogo, kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Labda ni macho yangu. Nimefuta miwani. Si macho.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefunga jiwe kwenye uzi, nikauning'iniza kutoka kwenye boriti ya nje hadi chini. Ukuta ukiwa wima, uzi unapaswa kulala juu yake kuanzia juu mpaka chini. Wangu unaanzia juu sawasawa, unasukumwa na kitumbo katikati, na chini unabaki unaelea. Kati ya uzi na ukuta, pale chini, vinapita vidole viwili.

Nimempigia simu Isakwisa.

"Madam, saruji haivimbi."

"Basi njoo uione isivyovimba."

Anasema atakuja mvua ikikatika. Hapa kwetu hilo ni jibu la hapana.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Vidole viwili.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Viwili na nusu. Nimetoboa kwa msumari mahali lipu ilipopasuka. Umetoka uji wa udongo, mwekundu, ukachuruzika mpaka mkononi. Saruji yangu nje kavu, ngumu, nzuri. Nyuma yake udongo umegeuka uji kwa sababu maji yanaingia juu na hayana pa kutokea.

Nimeziba tundu kwa kidole, kisha kwa sabuni. Lutengano akaniuliza naosha nini ukutani. Nikasema buibui. Mimi, mwalimu wa darasa la sita, mzee wa kikundi cha akina mama kanisani. Buibui.

Jumamosi, 12 Aprili

Felista amekwenda Tukuyu kliniki. Nikajisemea leo hakuna historia, lakini nilipopita na ndoo sauti ikatoka ndani, nzito, ikisema na kuku.

"Wewe kuku."

Nikasimama, nikageuza mgongo.

"Wewe kuku, unajua kuandika? Basi andika. Nyumba ya udongo inapumua. Mvua inaingia kidogo, jua likitoka inatoka. Ukiivika koti la saruji inakufa kama mtu aliyefunikwa mto usoni." Fimbo ikagonga sakafu. "Nilikohoa siku tatu. Sikuwa na njia nyingine ya kusema acheni. Kwenda kumshika fundi mkono siwezi, yule mkamwana alikuwa amesimama uani. Nakohoa ili ajue nataka kutoka kusema, yeye anakimbia, fundi anaendelea. Natulia, anarudi. Nakohoa, anakimbia. Nimemlea mwanangu akaoa mwanamke mwenye heshima kiasi hiki, kuku wangu. Heshima itaniangushia nyumba."

Kuku akalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu.

"Wewe kuku," nikasema nami, maana nilijibu kwa njia aliyofungua mwenyewe, "mwambie Baba kwamba sikujua. Na mwambie tufanye nini."

"Mvua ikikatika siku tatu, abandue koti. Ikiwa inanyesha asiguse. Akigusa sasa, unamwagika wote."

Siku tatu bila mvua, mwezi wa nne, hapa Rungwe!

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Vidole vitatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Vitatu. Nimemwambia Lutengano yote, na ya buibui pia. Hakufoka. Alikaa kitandani akakuna goti, kisha akasema, "Mama Gloria, Amoni anakuja Pasaka." Ningependa angefoka.

Nikamwambia basi tumhamishe mzee alale kwetu. Amekwenda kumwomba. Amerudi na jibu kwamba nyumba yetu ina jiko langu ndani yake, na yeye hawezi kulala alipo mkamwana. Nikasema nitahamia mimi kwa Felista. Akasema hawezi kumfukuza mkamwana kwake pia. Tumekwama kwa adabu.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Amoni alikuja na mchele, soda na mkewe. Baada ya ibada alizunguka nyumba ya baba yake akiwa ameweka mikono nyuma. Akafika kusini, akautazama uzi wangu na jiwe lake, akacheka mpaka tumbo likaruka.

"Shemeji, hii kazi ningelipa vijana wanne. Wewe umenifanyia bure!"

"Bado imesimama, shemeji."

"Imesimama kama mlevi. Subiri apige hatua." Kisha akaacha kucheka. "Unajua anayelala nyuma ya huu ukuta ni baba yangu? Unaandika historia yake, sawa. Nitaisomea wapi, kaburini?"

Miaka yote nimemwona Amoni kama mtu wa kuonyesha gari. Leo aligusa ukuta, akaangalia mlango wa baba yake, akagusa tena. Kwa hofu yake yuko sawa kabisa. Na mimi ndiye niliyempa sababu.

Jumatano, 23 Aprili

Jua, saa mbili. Kisha mvua. Vitatu na nusu.

Ijumaa, 25 Aprili

Vinne.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika saa tisa alasiri, nimejifunika blanketi.

Wote walikwenda ibadani. Mimi nilibaki kwa kisingizio cha kichwa. Baba mkwe alibaki kwa magoti. Mvua ilikuwa ile ya kumwaga, huoni mgomba ulio mbele yako. Saa nne na robo nilikwenda kupima: vidole vitano, na chini ya ukuta tope jekundu lilikuwa linatoka lenyewe. Kisha nikasikia mlio. Si mkubwa. Kama mtu anavunja muwa mbali.

Nikakimbilia mlangoni. Nikasita hapo kwa mazoea, kichwa chini.

"Wewe kuku," nikaita. Mlio wa pili. Nikaacha kuku.

"Baba! Tokeni! Ukuta unakuja!"

Miaka ishirini na sita, neno la kwanza kumwambia moja kwa moja, na lilikuwa ukelele.

"Nenda mbali," akasema. "Nitatoka."

Nikaenda hatua kumi, nikageuza mgongo, nikangoja. Hakutoka. Nikasikia fimbo ikigonga sakafuni, mara moja, mara mbili, kisha kitu kikaanguka na mzee akaguna. Magoti. Nikisogea mbali atoke, hawezi kutoka. Nikibaki, hataki kutoka. Na ukuta haukuwa unatusubiri tukubaliane.

Nilivua kitenge cha mabegani nikajifunika kichwa na uso wote, nikaingia kinyumenyume. Ndiyo. Mwanamke wa kilo tisini na nne, kipofu wa kujitakia, anaingia kwa matako kwenye nyumba inayoanguka.

Kisha sauti yake, karibu sana: "Kushoto. Kushoto kwako. Kuna sufuria."

Nikaipiga teke sufuria.

"Nilisema kushoto."

"Kushoto ya mbele au ya nyuma, Baba?"

"Mwe! Simama hapo hapo. Nyoosha mkono nyuma."

Nikanyoosha. Akaweka mkononi mwangu ncha ya fimbo yake, akashika ncha nyingine, akajivuta akasimama. Nilihisi uzito wake wote ukipita kwenye ule mti. Nikatembea mbele, yeye nyuma, tumeunganishwa kwa fimbo, hatukugusana. Tulipofika uani akaniambia nivute polepole, njia inateleza. Tulipofika baraza ya nyumba yetu ndipo ukuta wa kusini ukaanguka. Mshindo ule niliusikia miguuni.

Yeye akaketi barazani kwetu. Kwa hiyo mimi sikuweza kuingia nyumbani kwangu. Nilisimama migombani kwenye mvua mpaka ibada ilipoisha, na Felista, badala ya kunipa pole, aliniuliza nachuma nini.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imepungua. Nimekwenda kutazama kwa karibu; jana niliposikia mshindo nilitegemea kifusi cha nyumba.

Saruji yote iko chini, vipande vipana, imebeba udongo wake. Lakini mianzi imesimama. Fito zote, wima na mlalo, na vifungo vyake vya kamba za mgomba, havijaachia hata kimoja. Bati halijashuka. Unaona ndani: kitanda, sufuria niliyoipiga teke, kuku. Uzi wangu umelala juu ya mianzi sawasawa, bila nafasi ya unywele.

Tumefunika upande huo kwa turubai. Baba mkwe amerudi humo jana hiyo hiyo, hasikii la mtu.

Nimempigia Amoni mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. "Ukuta umeanguka," nikamwambia. "Baba mzima."

Akauliza mara mbili kama ni mzima, kisha: "Asante kwa kuniambia, shemeji. Naleta tofali."

Jumamosi, 10 Mei

Lori la tofali limefika. Limeshusha mbele ya mlango wa nyumba ya zamani, mzee akalazimika kupita kwa ubavu.

Alhamisi, 15 Mei

Manyunyu. Ukungu mpaka saa sita.

Ijumaa, 30 Mei

Kesho kikao. Lutengano atasoma daftari hili mbele ya ukoo, kwa kuwa mimi siwezi kukaa na baba wakwe. Felista amelipitia jikoni, akalamba kidole, akafika kurasa za saruji.

"Hizi mbili zichane, wifi. Sema ukuta uliangushwa na mvua. Mvua hata ukoo hauwezi kuiita kikaoni."

"Amoni anajua."

"Amoni anajua kuna saruji. Hajui ya kukohoa, hajui uliona uji ukaziba kwa sabuni. Hayo umeyaandika wewe kwa mkono wako. Nani anajipeleka polisi?"

Nimezishika kurasa hizo kwa vidole viwili kwa muda wa ugali kuiva. Nikizichana, nyumba ina nafasi. Lakini nimemwambia mzee wa watu kwamba naandika yaliyotokea. Nikianza kuchana yangu, kesho nitachana na ya wengine.

Ugali umeungua. Kurasa ziko.

Jumamosi, 31 Mei

Walikaa ndani ya nyumba yenyewe, wanaume tisa, kwenye kiti cha mwenyekiti amekaa baba mdogo Ndimyake. Mimi nilikaa nje upande wa kusini, mgongo kwenye mianzi, turubai limekunjwa juu. Kila neno nililisikia.

Lutengano alisoma. Anasoma vibaya, anaruka mikato, lakini hakuruka kitu. Kwenye kuku walicheka. Kwenye sabuni na buibui hakuna aliyecheka.

"Basi imekwisha," Amoni akasema. "Sichukii mtu. Tulikubaliana: hata ukuta mmoja. Ukuta umeanguka, shemeji mwenyewe ameandika umeangushwa na nini."

"Umeanguka udongo," Baba mkwe akasema.

"Tata," Amoni akamwambia baba yake, "udongo ndio ukuta."

"Wewe ni mkandarasi. Nguzo za nyumba zikisimama na bati limesimama, lipu ikibanduka, unamwandikia mwenye nyumba kwamba imeanguka?"

Baba mdogo Ndimyake ndiye aliyesema, kwa upole wa kutisha: "Amoni, njoo hapa kusini. Shika huo mwanzi wa kona. Unaona una mwili kuliko sisi wote. Iangushe. Ukiiangusha, kiwanja chako leo hii."

Nilisogea haraka. Nikasikia viatu vyake, nikasikia anavuta pumzi. Akasukuma. Nyumba nzima ikalia, bati likapiga kelele, vumbi likanimwagikia kichwani. Mianzi ikainama kuelekea kwangu, nikafumba macho. Ikarudi. Akasukuma mara ya pili kwa bega. Ikainama, ikarudi. Mara ya tatu alikoroma kama fahali, na nilijua hakuwa anaigiza, alitaka ianguke akiwa yeye ameishika kuliko ianguke baba yake akiwa amelala. Ikainama zaidi. Mahali fulani kamba ikakatika, paa!

Ikarudi.

Kisha Amoni, akihema: "Nani alifunga hivi vitu?"

"Kaa chini nikwambie," baba yake akasema.

Tofali zitahamia kiwanja cha chini. Amoni anajenga huko nyumba yake mwenyewe, ili awe karibu. Kwa sharti moja, alilolitoa akinielekea mimi kupitia mianzi: saruji isikanyage tena upande huu.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Hata ya kuchorea sipaki."

Jumanne, 3 Juni

Udongo mwekundu kutoka bondeni, samadi, majani yaliyokatwakatwa. Nimekanyaga tope mpaka magotini tangu asubuhi. Lutengano na Amoni wamekaza kamba mpya. Kukandika kwenyewe, nimejifunza, kunataka wawili: mmoja nje, mmoja ndani, wanasukuma tonge kwa tonge yakutane katikati ya fito. Nje ni mimi, niliyeharibu. Nikauliza ndani atakuwa nani, Felista akanitazama kama mtu asiye na akili.

Baba mkwe ameketi kwenye kigoda ndani, anakandika sehemu zote anazozifikia akiwa amekaa; za juu atazikandika Lutengano. Tumeanzia chini. Kati yetu hakuna ukuta, kuna mianzi tu. Mimi natazama mikono yangu, yeye anatazama yake. Ana kidole kimoja kilichopinda. Sikujua.

Alhamisi, 5 Juni

Kiuno.

Jumamosi, 7 Juni

Saa kumi jioni limebaki tundu moja, ukubwa wa sahani, usawa wa uso wake akiwa amekaa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nje. Kwa tundu lile nilimwona mdomo, ndevu nyeupe zenye tope, na naamini aliniona hivyo hivyo. Hakuna aliyegeuka.

"Umechoka?" akaniuliza. Hakumuuliza kuku.

"Nimechoka, Baba."

"Hili la mwisho lisiwe na maji mengi. Likandekande kwanza."

Nikalikandakanda, nikaliweka. Akaweka la kwake.

"Sukuma sasa. Usiogope, nimeshikilia."

Nikasukuma kwa kiganja. Tope likaenda, likaenda, kisha likakataa, na nikahisi nyuma yake kiganja kingine kinasukuma, chenye nguvu kuliko nilivyodhani. Tukabaki hivyo mpaka lilipokaza. Kisha akaniambia, kutoka ndani, nitoe mkono wangu kwanza.